Msimbo wa hitilafu si orodha ya spea: Wamiliki wa ekskaveta zilizotumika wahimizwa kupima kwanza

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

MVUA za masika zinapoanza mwezi Machi, udongo wa Milima ya Uluguru hulainika na mara kwa mara maporomoko hufunga barabara zinazopanda kuelekea Mgeta, Kinole na Matombo. Ekskaveta moja iliyo nzima inaweza kuifungua barabara ndani ya saa chache. Ikigoma, kabichi na ndizi za wakulima huozea shambani, na mgonjwa anayepelekwa hospitali mjini Morogoro hulazimika kubebwa hadi ng'ambo ya kifusi.

Makandarasi wengi wadogo huanza na mitambo iliyokwisha kutumika nje ya nchi. Sehemu kubwa ya mitambo hiyo huendeshwa na kompyuta ya injini, ambayo inapogundua kasoro huwasha taa ya tahadhari na kuonesha msimbo kwenye skrini ya mwendeshaji. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea: msimbo ukitaja shinikizo la oili, mmiliki huambiwa injini imekufa, ukitaja dizeli, huagizwa pampu mpya. Mara nyingine kilichoharibika ni waya uliochubuka.

Jambo la msingi ni kwamba msimbo hautaji kifaa cha kununua. Unaeleza tu kipimo ambacho kompyuta imekitilia shaka na sababu ya shaka hiyo.

Namba mbili, maana mbili

Injini nyingi za mitambo mizito hufuata kanuni ya mawasiliano inayojulikana kama J1939. Katika kanuni hiyo, msimbo huwa na namba mbili. Ya kwanza, iitwayo SPN, hutaja kinachopimwa: 100 ni shinikizo la oili ya injini, 110 ni joto la maji ya kupozea, 97 ni maji ndani ya dizeli, 102 ni shinikizo la hewa inayoingia kwenye injini na 157 ni shinikizo la dizeli kwenye bomba kuu la nozeli.

Namba ya pili, iitwayo FMI, hueleza aina ya kasoro. Sifuri humaanisha kipimo kimepanda kupita kiasi cha hatari, na 1 kimeshuka kupita kiasi hicho. Namba 3 humaanisha volti ya kihisi iko juu kuliko kawaida, 4 iko chini kuliko kawaida, na 5 mara nyingi huashiria mzunguko wa umeme uliokatika.

Kwa hiyo 100-1 na 100-4 si kitu kimoja, ingawa zote huanza na 100. Ya kwanza inadai oili haina shinikizo. Injini izimwe mara moja, kiwango cha oili kikaguliwe na shinikizo lipimwe kwa geji ya kawaida. Ya pili inazungumzia umeme wa kihisi. Uchunguzi uanzie kwenye waya na plagi yake. Fundi anayesoma namba ya kwanza pekee anaweza kumfungulia mteja injini nzima bila sababu.

Watengenezaji wengine wana misimbo yao. Katika mitambo mingi ya Komatsu, kwa mfano, misimbo ya injini huanza na herufi CA. Kitabu cha mtambo husika ndicho kinachotoa tafsiri sahihi.

Hatua za uchunguzi

Kwanza, shusha ndoo hadi chini mahali pasipo na mteremko, kisha andika misimbo yote kabla ya kufuta chochote. Tenganisha misimbo iliyo hai na ile iliyohifadhiwa, na andika saa za injini pamoja na idadi ya mara kila msimbo ulipojitokeza.

Pili, anza na umeme. Ekskaveta nyingi hutumia volti 24 kutoka kwenye betri mbili za volti 12. Misimbo mingi ikitokea kwa pamoja, ni nadra vifaa vyote kufa siku moja. Kagua betri, altaneta na waya wa kwenda kwenye bodi. Vihisi vingi hulishwa volti 5 kwa pamoja, hivyo kimoja kikipiga shoti huviangusha vingine.

Tatu, pima waya za mawasiliano kati ya kompyuta za mtambo. Mtambo ukiwa umezimwa kabisa, kipimo kati ya waya hizo mbili kinatakiwa kuwa takriban omu 60. Kikisoma 120, upande mmoja umekatika.

Nne, linganisha msimbo na hali halisi. Ukiona 110-0, kagua maji, mkanda wa feni na rejeta iliyozibwa na tope au majani. Ukiona 157 yenye FMI ya shinikizo dogo, badilisha filta na kagua mipira inayovuta hewa kabla ya kuigusa pampu. Bomba la nozeli lisifunguliwe injini ikinguruma, kwani shinikizo lake linaweza kupita bar 1,600 na dizeli ikarushwa hadi kupenya ngozi.

Tano, baada ya matengenezo futa msimbo, fanyisha mtambo kazi nzito, kisha soma tena.

Mazingira ya milimani

Dizeli inayopandishwa milimani kwa mapipa wakati wa masika huingiwa na maji kwa urahisi. Msimbo wa 97 ukijitokeza, mwaga maji kwenye kitenganishi na chunguza mapipa. Aidha, shinikizo la hewa hupungua kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Injini iliyokuwa na nguvu mjini Morogoro inaweza kulegea ikifika juu, hasa filta ya hewa ikiwa imejaa vumbi.

Mitambo ya miaka ya karibuni kutoka Ulaya, Japani au Marekani huja pia na chujio la masizi kwenye ekzosi. Mengi yalibuniwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 15 kwa milioni, wakati kiwango ambacho Afrika Mashariki ilihamia mwaka 2015 kiliruhusu hadi 50. Mnunuzi aulize mapema kama mtambo una chujio hilo.

Kabla ya kulipa

Vikundi vinavyokusudia kununua mtambo, ikiwamo kwa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, vikumbuke kuwa marejesho hayasimami mtambo unaposimama. Washa swichi bila kuwasha injini: kwa kawaida taa za tahadhari huwaka kidogo kisha huzimika. Isiyowaka kabisa huenda imekatwa. Skrini isiyo na msimbo nayo si uthibitisho, kwa kuwa misimbo hufutwa kwa dakika chache. Taka mtambo uwashwe ukiwa baridi, uchimbe kwa angalau nusu saa, kisha upimwe kwa kompyuta mbele yako, na saa za kwenye kompyuta zilinganishwe na za kwenye skrini. Matokeo yaambatishwe kwenye mkataba wa mauziano.

Kwa mitambo ya Serikali, matengenezo ni jukumu la Wakala wa Ufundi na Umeme (TEMESA). Vijana wanaotaka kujifunza ufundi wanaweza kuulizia kozi zinazotolewa na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), yenye chuo Kihonda, Manispaa ya Morogoro.

Kwa mmiliki, kanuni ni moja: fundi akikutajia spea, mwombe kwanza akuoneshe namba zote mbili za msimbo na kipimo alichochukua kuthibitisha. Asipokuwa na kipimo, spea isinunuliwe.