Kijipete cha Plastiki Kinachokunjua Utumbo

Ami yangu alikaa miaka miwili akiona damu chooni. Kila nikimuuliza hujibu, "Ni bawasiri tu, mwanangu." Alikuwa akiona haya, si uchungu. Alipokubali kupimwa, saratani ya utumbo mpana ilikuwa imeshasambaa. Mola amrehemu. Tangu hapo kila kipimo cha utumbo nikikisikia nakifuatilia, na leo nataka kuwaeleza kimoja.

Saratani hii aghalabu huanza na kijinyama kidogo kinachoota ndani ya utumbo, kiitwacho polipi. Vingi havina madhara, lakini baadhi, hasa aina ya adenoma, huweza kugeuka saratani baada ya miaka mingi, mara nyingi kumi au zaidi. Daktari huingiza mpira mwembamba wenye kamera kupitia njia ya haja kubwa, na akikiona kijinyama hukikata papo hapo. Kipimo hiki, yaani kolonoskopi, kinatafuta ugonjwa na kuukinga kwa wakati mmoja.

Tatizo ni kwamba utumbo hauko kama bomba la maji. Una mikunjo, na kijinyama hujificha nyuma ya mkunjo kamera ikakipita. Hata daktari stadi hupitwa.

Ndipo pakaja kifaa kiitwacho Endocuff Vision. Ni kijipete cha plastiki kinachovishwa kwenye ncha ya kamera, chenye vidole laini pembeni. Kamera ikiingia, vidole hulala. Ikivutwa kutoka, husimama na kuikunjua ile mikunjo, mfano wa mtu anayenyoosha shuka kwa kiganja ili aone kilichofichika.

Lakini je, kinasaidia kweli? Waingereza hawakuridhika na maneno ya muuzaji. Katika hospitali saba za Uingereza walichukua wagonjwa 1,772 na kuwagawa kwa bahati nasibu: nusu walipimwa kwa kamera yenye kijipete, nusu kwa kamera tupu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Bila kifaa, adenoma ilionekana kwa watu 36.2 katika kila 100. Kwa kifaa, 40.9.

Faida ilionekana hasa kwa wale walioitwa kupimwa baada ya choo chao kukutwa na damu isiyoonekana kwa macho. Kwao idadi ilipanda kutoka 50.9 hadi 61.7 katika kila 100. Ila waliovishiwa kifaa walihisi karaha kidogo zaidi wakati wa kuingizwa.

Mtu atasema, tofauti yenyewe ndogo. Si ndogo. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2014, uliopitia vipimo zaidi ya 314,000, ulionyesha kuwa daktari anapoongeza asilimia moja ya kuona adenoma, hatari ya wagonjwa wake kupata saratani hii baadaye hupungua kwa takriban asilimia tatu.

Ndugu zangu, sisemi mwende hospitali mkadai kijipete. Kifaa hakimfai mtu ambaye hakufika mlangoni kwa daktari. Ukiona damu chooni, choo kikibadilika wiki kadhaa, ukipungua mwili au ukiishiwa damu bila sababu, nenda ukaeleze. Kama mzazi au ndugu yako aliugua saratani hii, muulize daktari uanze kupimwa lini hata kama huhisi chochote. Na siku ya kipimo, kunywa dawa ya kusafisha tumbo kama ulivyoelekezwa, kwa sababu utumbo mchafu hauonyeshi kitu.

Wengine huuliza habari ya sitara. Dini yetu inaruhusu kufunua uchi kwa haja ya tiba, kwa kiasi kinachohitajika. Waweza pia kuomba daktari wa jinsia yako akipatikana.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ami yangu aliyaficha, nasi tukamsaidia kuyaficha kwa kunyamaza. Leo nimeyasema.