KIELELEZO NA KASHA: VYOMBO VIWILI VISICHANGANYWE

Vyama vya ushirika nchini hutuma taarifa kwa kompyuta kupitia MUVU, mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kwa hiyo katibu, awe Babati mjini au kijijini, hana budi kutofautisha vyombo viwili.

Cha kwanza ni hati ya kiunganishi, yaani ya mlango ambao programu moja huombea habari kwa nyingine. Kanuni ya hati hizo inayotumika sana ni OpenAPI, iliyoitwa Swagger hapo awali. Hati hueleza anwani ya mlango, ombi linalokubaliwa na sura ya jibu. Ni kama kielelezo cha stakabadhi: huandikwa ili mafundi waisome.

Cha pili ni programu ya kutunza nywila, kama KeePass au Bitwarden. Huhifadhi nywila zote kwa maandishi ya siri, yafunguliwayo kwa nywila kuu moja. Ni kama kasha la fedha.

Hati hutaja aina ya ufunguo unaohitajika; haipaswi kubeba ufunguo wenyewe. Fundi akiandika humo nywila halisi ya chama, hata kwa mfano tu, yeyote aipataye aweza kuingia katika hesabu za wanachama.

Basi kamati idai hati kwa fundi, ili akiondoka mwingine aendeleze kazi. Nywila zibaki kwa watumishi wa chama, kila mmoja na yake. Nywila kuu ikipotea, aghalabu hairejesheki. Nakala yake ifungwe katika bahasha na kuwekwa kashani.