Milimita Moja ya Kona

Piga magoti mpaka macho yawe sawa na meza, kisha subiri treni itokee kwenye kona. Ni treni ya kipimo cha HO, yaani imepunguzwa mara 87, na reli zake mbili zimeachana kwa milimita 16.5 tu. Kichwa kinaingia kwenye kona na kulala kidogo upande wa ndani. Behewa la kwanza linafuata, halafu la pili, kila moja likiinama palepale lilipoinama lililotangulia. Kwa sekunde chache unasahau kwamba kitu hiki kinaenea kiganjani. Na yote hayo yameletwa na reli ya nje kuinuliwa milimita moja hivi, zaidi kidogo ya unene wa kadi ya benki.

Mwendesha bodaboda hulalia kona bila kufundishwa na mtu. Treni nyingi haziwezi, kwa hiyo njia ndiyo inayolala kwa niaba yao. Reli ya nje ikiinuliwa, sehemu ya uzito wa treni huvuta kuelekea ndani ya kona, na abiria anabaki ameketi wima na chai yake. Kiasi cha kuinua hutegemea ukali wa kona na, zaidi ya hapo, mraba wa mwendo. Kwa treni ya kilomita 160 kwa saa kwenye kona ya nusu kipenyo cha mita 2,000, mwinamo kamili ni karibu milimita 150. Mwendo ukipungua nusu, milimita 38 zinatosha. Hapo ndipo mhandisi anapopata kazi ngumu. Kwenye SGR ya Kenya, treni ya abiria iliyokusudiwa kwenda kilomita 120 kwa saa hupita reli ileile na ya mizigo ya kilomita 80, na kona moja inadai mwinamo mara mbili na robo kwa ya kwanza kuliko kwa ya pili. Kati ya Tokyo na Osaka, kwenye njia ya Shinkansen iliyofunguliwa mwaka 1964, kona za mita 2,500 zimeinuliwa hadi milimita 200, ilhali mwendo wa leo wa kilomita 285 kwa saa ungehitaji karibu 380. Kuinua kiasi hicho hakufai, kwa sababu treni ikisimama hapo watu watamwagikia upande wa ndani. Ndiyo maana treni za N700 za njia hiyo huongezewa digrii moja ya kulala kwa mabehewa yenyewe.

Sasa tulete hesabu hiyo mezani. Kilomita 160 ukizigawa kwa 87 unapata karibu nusu mita kwa sekunde, na kona ya mita 2,000 inakuwa ya mita 23. Lakini mwendo huhesabiwa kwa mraba, nusu kipenyo mara moja tu, na mvutano wa dunia haukupunguzwa hata chembe. Matokeo yake ni kwamba msukumo wa kutoka nje ya kona, ukiulinganisha na uzito, unashuka mara 87. Mwinamo unaohitajika ni milimita 0.02, chini ya unene wa unywele! William Froude, Mwingereza aliyepima mifano ya meli majini katika miaka ya 1870, alionyesha kwamba mwendo wa mfano unapaswa kupunguzwa kwa kipeuo cha pili cha kipimo. Kwa kanuni hiyo treni yetu ingepaswa kukimbia kilomita 17 kwa saa, na machoni ingeonekana kama garimoshi linalokwenda kilomita 1,500.

Kwa kweli hakuna sebule yenye nafasi ya kona ya mita 23. Wengi huridhika na sentimita 60, na hata hapo treni inayokwenda kwa kiasi haikaribii kupinduka. Kwa hiyo mwinamo wa mezani ni wa macho, na mimi naona hiyo ni sababu tosha. Ila una gharama. Kichwa kinapovuta mabehewa 30, msururu wote unataka kunyooka kama kamba iliyokazwa, na mabehewa mepesi ya katikati huvutwa kuelekea ndani, upande uleule ambao reli imeshayalaza. Milimita 150 za reli halisi ni 1.7 mezani, lakini mjenzi makini huishia kwenye nusu milimita hadi moja.

Kazi yenyewe hufanyika chini ya ncha za nje za mataruma, kwa vipande vyembamba vya plastiki au kadibodi, kwanza robo milimita, kisha nusu, kisha robo tatu. Kisichosamehewa ni haraka. Stuli ya miguu mitatu hukaa popote, ya minne huyumba, na chini ya behewa kuna kigari cha magurudumu manne chenye urefu wa milimita 30 kati ya ekseli. Ukingo unaoshika gurudumu kwenye reli una kina cha milimita 0.6 hivi. Ukipandisha milimita moja ndani ya sentimita tatu, gurudumu moja linaning'inia na ukingo wake unaachia reli. Ukiitandaza milimita hiyohiyo kwenye sentimita 30, kila kigari kinapindwa kwa sehemu ya kumi ya milimita tu, nacho kinapita salama. Sentimita hizo 30 ndizo pia zinazopaswa kuizoesha treni kona, ikikaza polepole. Kuzichora, pinda ufito mwembamba wa mbao kati ya misumari, ufito wenyewe utaupata mkunjo. Mahali reli zinapogawanyika paache tambarare.

Kabla ya kumwaga kokoto na gundi, sukuma msururu mrefu kinyumenyume kwenye kona nzima. Kisha zima taa ya chumba, weka tochi mezani, na utazame mstari wa mwanga juu ya reli ya nje. Pale unapokatika, kuna kipande cha kadibodi cha kubadilisha.