Kununua Msitu Ambao Tayari ni wa Umma (2)

Juma lililopita tuliishia kwenye swali: msitu ukiwa mali ya serikali, raia wachange fedha za kuununua kwa nini? Kwa msitu wa Loomis, kaskazini mwa jimbo la Washington, Marekani, hatua chache kutoka Kanada, jibu linaanzia mwaka 1889.

Mwaka huo Washington ilifanywa jimbo, ikapewa ardhi kwa sharti kwamba mapato yake yasomeshe watoto. Jimbo likawa mdhamini tu. Wenye haki ni shule. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya jimbo ilikazia hilo: mali ya amana haitumiki kuwafaidi wengine. Basi kamishna wa ardhi, hata angeupenda msitu namna gani, hakuweza kuzuia msumeno bure bure. Magogo yalikuwa madarasa.

Ndani ya Loomis palikuwa na ekari zipatazo 25,000 zisizo na barabara hata moja. Barabara ndiyo hutangulia, gogo likafuata. Humo huishi linksi, paka-mwitu mwenye vishungi masikioni kama simbamangu, na nyayo pana zenye manyoya zinazomwezesha kutembea juu ya theluji laini akiwinda sungura. Wanyama wengine wengi huzama katika theluji hiyo. Hofu ya wataalamu ilikuwa kwamba theluji ikishindiliwa barabarani, mbweha wa huko watapata njia ya kuingia na kumnyang'anya riziki.

Watetezi wa msitu, wakiongozwa na shirika la Northwest Ecosystem Alliance, walilishtaki jimbo mahakamani. Mwaka 1998 pande mbili zikapatana: leteni thamani ya miti, nayo haitakatwa. Maelfu ya watu walichanga, wengine vijisenti, matajiri wa kompyuta mamilioni. Walipokaribia kumaliza, tathmini mpya ikapandisha bei kwa zaidi ya dola milioni 3! Walirudi kuchangisha, hadi jumla ikapita dola milioni 16, na ardhi ikawa hifadhi.

Wapo walionung'unika kwamba huko ni kulipia chako mwenyewe. Mimi naona ni haki. Mara nyingi msitu huhifadhiwa kwa hasara ya mtu asiyeulizwa. Hapa mwenye hasara alijulikana, akalipwa.

Juma lijalo: ardhi ikishanunuliwa, nani hugharamia ulinzi wake?