Vinyweleo au vitundu? Jina la chembe za silika

Mwalimu mmoja wa kemia mjini Kitale na mwenzake wa Bungoma wamenitupia swali: chembe za silika zinazobuniwa ili kusaidia kupiga picha za ndani ya mwili tuzielezeje kwa Kiswahili? Wa Kitale anasema zina "vinyweleo". Wa Bungoma hataki. Kwake vinyweleo ni vile vinavyosimama mtu akishtuka, na chembe hizi hazina hata laika moja.

Hebu tukione kwanza kitu chenyewe. Silika imejaa tele katika mchanga wa mto Nzoia, ila hii haichotwi mtoni, huundwa maabarani. Molekuli za jamii ya sabuni zikiwa nyingi majini hujikusanya zikawa kama vijiti. Silika huganda kuvizunguka, kisha vijiti huchomwa au huoshwa vikatoka. Ni kama kukandika matope kwenye fito, halafu mchwa wakazila fito, ukuta ukabaki na njia ndani kwa ndani. Watafiti wa kampuni ya Mobil, Marekani, walitangaza silika ya namna hii mwaka wa 1992. Njia hizo zaweza kuwa na upana wa nanomita 2 au 3, ilhali unywele una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Ukizitandaza kuta za ndani za gramu moja tu, waweza kupata mita mraba 1,000. Robo ekari hiyo, shamba kabisa!

Sasa picha. Katika mashine ya MRI, madini ya gadolini hung'arisha picha kwa kukaribiana na maji ya mwilini. Kwa hiyo msanifu ana mtihani: gadolini ishikwe isivuje, maana ikiwa huru ni sumu, na papo hapo maji yaweze kuingia na kutoka.

Basi "vishimo" hapana. Kishimo kina mwisho. "Vinyweleo" vya kutokea jasho vinamfaa mwanabiolojia, lakini mgonjwa anayetakiwa kutia saini fomu kabla ya kudungwa sindano atawaza nywele, na huenda akakataa. Mimi nachagua "vitundu". Najua yupo atakayenikumbusha utundu wa watoto; na aseme.

Chembe zenyewe zingali zinafanyiwa utafiti, kwa hivyo muda wa kubishana tunao. Mwalimu wa Kitale ameshaahidi kunijibu.