Tovuti ya Sherehe ya Kijiji: Mgeni Anatafuta Nini?



Mwezi Februari 2022 nilipokea baruapepe kutoka kwa kamati ya sherehe ya kijiji kimoja cha kusini mwa Uingereza, mahali nilipopata kuishi kwa muda nilipokuwa masomoni. Ombi lao lilikuwa dogo. Walikuwa wanataka kuiunda upya tovuti ya sherehe yao, na kabla ya kuanza walihitaji mtu aliye mbali, asiyehudhuria vikao vyao, aifungue tovuti ya zamani na kujibu swali moja tu: mwaka huu sherehe ni lini?

Nilijibu kwa uhakika kabisa kwamba ni Jumamosi tarehe 4 Juni. Nilikuwa nimekosea, na kosa langu ndilo lililowashtua wakaanza kazi siku ileile.

Nimeona ni vema niwaeleze wasomaji wa jarida hili jinsi kazi ile ilivyofanyika. Wahisani wetu kadhaa wanatoka katika vijiji vya namna ile na wataitambua sherehe hii mara moja. Kwa upande wa kamati za sharika, nadhani hakuna kamati iliyowahi kuandaa siku ya mavuno au uchangiaji wa ujenzi ambayo itaona mambo haya ni mageni.

Kwanza nieleze sherehe yenyewe. Waingereza huiita fete, neno walilolichukua kwa Wafaransa lenye maana ya sikukuu. Hufanyika Jumamosi moja ya kiangazi, kwa kawaida kuanzia saa nane mchana, katika uwanja wa kijiji, shamba la mtu au bustani ya kasisi. Kuna meza za keki, miche ya maua na vitabu vilivyokwisha kusomwa. Kuna hema la chai na skonzi zenye jamu, kuvuta kamba, maonyesho ya mbwa na tombola. Kuna pia mchezo ambao ulinichekesha sana mara ya kwanza: nazi husimamishwa juu ya vigingi na watu hulipa ili wazirushie mipira, na anayeiangusha huenda nayo nyumbani. Nilijaribu kuwaeleza kwamba huko kwetu nazi hukunwa, lakini foleni ilikuwa ndefu.

Nyuma ya furaha hiyo kuna hesabu. Fedha zinazokusanywa mchana huo mmoja ndizo zinazotengeneza ukumbi wa kijiji, kununua bembea za watoto au kusaidia jengo la kanisa. Gharama za hema, bima na vyoo vya kukodi hulipwa hata kama watu hawakuja. Katika kijiji ninachokizungumzia paa la ukumbi lilikuwa linavuja, na sherehe za mwaka 2020 na 2021 hazikufanyika kwa sababu ya Uviko-19. Kwa maneno mengine, kamati ilikuwa imekaa miaka miwili bila mapato, na sasa ilikuwa na saa tatu tu za kujaribu kuyarudisha.

Sasa turudi kwenye kosa langu. Kwa miaka mingi sherehe ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Juni, na tovuti ilisema hivyo. Lakini mwaka 2022 siku za tarehe 2 hadi 5 Juni zilitengwa nchini kote kwa ajili ya kuadhimisha miaka 70 ya Malkia Elizabeth II katika kiti cha enzi. Kamati iliamua kusogeza sherehe hadi Jumamosi tarehe 2 Julai. Uamuzi ulikuwa sahihi na uliandikwa vizuri katika muhtasari wa kikao. Kwenye tovuti haukuwepo.

Kwa nini haukuwepo? Hapa ndipo kwenye fundisho kubwa, na naomba kamati zetu zinivumilie nikae kidogo.

Tovuti ile ilitengenezwa mwaka 2004 na mzee mmoja mstaafu, kwa mapenzi yake na bila malipo. Aliiandikisha kwa jina lake, akailipia kwa kadi yake ya benki, na neno la siri alilijua yeye peke yake. Kwa miaka kumi na sita hakuna aliyelalamika, maana kazi ilikuwa inafanyika. Mwaka 2020 mzee yule alifariki dunia. Kamati ikabaki na tovuti ambayo kila mtu duniani aliweza kuisoma na hakuna mtu hata mmoja aliyeweza kuibadilisha. Zaidi ya hayo, ada ya jina la tovuti ilikuwa inakwisha mwezi Mei 2022. Baada ya hapo, isipolipiwa, mtu mwingine yeyote angeweza hatimaye kulichukua jina lile, na mabango yote ya zamani yangekuwa yanawaelekeza watu kwake.

Aliyewaokoa ni mjane wa yule mzee. Alitafuta cheti cha kifo, akaandika barua, na baada ya wiki kadhaa za mawasiliano jina la tovuti likahamishiwa kwa kamati. Mwenyekiti aliniambia kwamba kwenda kumwomba mama yule nyaraka zile ilikuwa sehemu ngumu kuliko zote za mradi mzima. Ninamwamini.

Kazi ya usanifu ilianza baada ya hapo. Tovuti ya zamani ilikuwa na picha inayocheza juu kabisa, iliyotengenezwa kwa programu ya Flash. Programu hiyo mwenyewe wake aliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, hivyo mahali pale palibaki kisanduku kitupu cha rangi ya kijivu. Kulikuwa na maandishi yanayotembea, hesabu ya waliotembelea ukurasa, na upana uliopimwa kwa kompyuta za wakati ule. Kwenye simu, herufi zilikuwa ndogo kama punje za ulezi. Aidha, vivinjari vilikuwa vinawaonya wasomaji kwamba tovuti si salama, kwa kuwa haikuwa na usimbaji wa mawasiliano. Kivinjari cha Chrome kilianza kutoa onyo hilo kwa tovuti zote za namna hiyo mwezi Julai 2018. Mama mzee anayetaka kuleta keki akiona neno "si salama" hufunga ukurasa, na ana haki.

Kijana aliyejitolea kuijenga upya alifanya jambo ambalo nimeliiga tangu wakati huo. Hakuanza na rangi wala nembo. Alikwenda kwa mama ambaye namba yake ya simu huandikwa kwenye mabango kila mwaka, akamwuliza: watu wakikupigia huuliza nini? Mama hakuhitaji kufikiri. Huuliza tarehe na saa. Huuliza gari wataliweka wapi. Huuliza kama mbwa anaruhusiwa, kama watalipa kwa kadi au wabebe fedha taslimu, kama kiti cha magurudumu kitapita kwenye majani, na mvua ikinyesha itakuwaje. Katika miaka yote hiyo hakupata simu hata moja ya kuuliza historia ya sherehe.

Majibu ya maswali hayo ndiyo yaliyokuwa ukurasa wa mbele. Juu kabisa, kwa herufi kubwa: Jumamosi 2 Julai 2022, saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni, na mahali. Chini yake mstari mmoja uliosema kwamba mwaka huu sherehe imehama kutoka Juni. Kisha maegesho, na ramani yenye alama penye lango lenyewe, kwa sababu vijijini postikodi moja inaweza kuchukua eneo kubwa na mgeni akajikuta kwenye zizi la jirani. Kisha mambo ya mbwa, malipo, viti vya magurudumu na mvua.

Palitokea mabishano, kama inavyotarajiwa. Mwenyekiti alikuwa na salamu zake, aya nne, ambazo zilikuwa zimekaa juu ya ukurasa tangu mwanzo. (Nasi tunazijua salamu za mwenyekiti.) Mtafiti Jakob Nielsen alionyesha mwaka 2006, kwa kufuatilia mienendo ya macho, kwamba wasomaji wengi wa tovuti husoma mistari ya juu, kisha hupitisha macho haraka wakishuka upande wa kushoto. Hawasomi kila neno. Kwa hiyo kilichowekwa juu ndicho kinachosomwa, na salamu zile zilikuwa zimekaa kwenye kiti cha tarehe. Suluhisho lilikuwa la amani: salamu zilipewa ukurasa wake, na mwenyekiti akaridhika alipoona picha yake imewekwa huko.

Kuhusu picha nilikuwa na mchango wangu mwenyewe. Ukurasa wa zamani wa picha ulikuwa na picha 14 zilizopakiwa moja kwa moja kutoka kwenye kamera, kila moja ikiwa na karibu MB 4. Jumla yake ni kama MB 56. Kule kijijini huenda wasione tatizo, ila mimi nilikuwa natumia bando ofisini, na baada ya picha ya tatu nilikata tamaa. Nao wanao wageni wanaofungua ukurasa wakiwa barabarani, penye mtandao hafifu. Picha sita zilichaguliwa, zikapunguzwa hadi KB 200 hivi kila moja, na zote kwa pamoja hazifiki MB 2. Kwa macho ya kawaida hutaona tofauti.

Picha za watoto ziliondolewa kwanza zote, kisha zikarudishwa zile tu ambazo wazazi walikubali. Kwa sheria za Uingereza picha ya mtu anayetambulika ni taarifa binafsi. Kamati zetu zisidhani jambo hili ni la Wazungu peke yao: Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tunapoweka picha za watoto wa shule zetu za awali kwenye kurasa zetu, swali la nani aliruhusu ni letu pia.

Kosa lingine la zamani lilikuwa bango. Kila mwaka bango zuri lilipigwa picha na kuwekwa kwenye tovuti, na kamati ikahesabu kwamba habari imefika. Mtu asiyeona hutumia programu inayomsomea maandishi kwa sauti, na programu nyingi za namna hiyo zikikuta picha isiyo na maelezo hazina cha kusoma. Sasa bango lipo, ila maneno yake yote yameandikwa pia kama maandishi. Rangi nazo zilipimwa: miongozo ya kimataifa inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na nyuma yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Maandishi ya njano juu ya nyeupe, yaliyopendwa sana mwaka 2004, hayakupita.

Mjumbe mmoja alipendekeza tikiti za bahati nasibu ziuzwe kwenye tovuti kabla ya siku yenyewe. Wazo lilivutia, lakini lilisimamishwa kwa sababu nzuri. Chini ya sheria ya michezo ya kubahatisha ya Uingereza ya mwaka 2005, bahati nasibu inayochezwa ndani ya sherehe haihitaji leseni mradi tikiti ziuzwe palepale wakati wa sherehe. Ukianza kuziuza kabla kwa watu wote, unaingia kundi lingine, na chama husika kinatakiwa kujiandikisha halmashauri. Tovuti inaweza kubadilisha sheria inayokuhusu bila wewe kujua, na mafundi wa kompyuta si mawakili.

Wengine waliuliza kwa nini wahangaike na tovuti wakati kuna Facebook. Walikubaliana kutumia vyote viwili, lakini habari ya Facebook huzama chini ya habari nyingine baada ya siku mbili, na si kila mzee wa kijiji ana akaunti. Anwani iliyochapwa kwenye bango inabaki ileile mwaka hadi mwaka. Kwangu mimi hoja hiyo inatosha.

Tovuti mpya ilifunguliwa mwishoni mwa Aprili. Hata hivyo, watu wachache walifika uwanjani tarehe 4 Juni, wengine wakiwa na vikapu vya keki, kwa sababu tarehe ya zamani ilikuwa imenakiliwa kwenye orodha za matukio za watu wengine, na hakuna aliyekumbuka kuwaandikia. Kamati imeliandika hilo kwa ajili ya mwaka unaofuata. Tarehe 2 Julai asubuhi mawingu yalikuwa meusi, na saa nne mjumbe mmoja akiwa amesimama uwanjani aliongeza mstari mmoja kwa simu yake: sherehe ipo, chai itakuwa ukumbini. Wakati wa mzee marehemu mstari huo ungesubiri arudi nyumbani kwenye kompyuta yake.

Mafundi walianza kuezeka paa mwezi Septemba.

Jumatatu baada ya sherehe ukurasa wa mbele ulibadilishwa: shukrani kwa wote, na chini yake tarehe ya mwaka uliofuata, Jumamosi 1 Julai 2023. Maneno ya siri yako kwa wajumbe watatu, na nakala imo katika bahasha iliyofungwa ndani ya kabati la chuma la ukumbi, pamoja na hati ya jina la tovuti, ambalo sasa limeandikishwa kwa jina la kamati.