Bahari ukutani: tuokote kinachotupwa ufuoni, tupange kwa wimbo

Jumapili moja mpwa wangu, binti wa dada yangu, alinijia nyumbani na beseni kichwani. Shuleni walikuwa wameambiwa watengeneze picha ya bahari kwa vitu vya kuokota. "Mjomba, nimepata kila kitu," akasema kwa furaha.

Nikachungulia. Mlikuwa na viti vya pweza sita, simbi tatu kubwa na kipande cha tumbawe, vyote amevitoa mwambani asubuhi ile maji yalipokupwa. Simbi moja ilikuwa bado inatembea polepole ukingoni mwa beseni. Nikamwambia, "Mwanangu, hawa wako hai." Tuliondoka mbio kuwarudisha kabla maji hayajajaa. Viti vya pweza viwili vilikuwa vimeshakufa.

Njiani aliniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya: "Sasa mjomba, nitaionyeshaje bahari bila vitu vya bahari?"

Ni swali la haki. Pwani yetu nzima vijana wanatengeneza picha za bahari za kupamba nyumba, za kuuzia wageni na za mashindano ya shule. Wengi huanzia mwambani, na kila beseni linalotoka huko na viumbe hai linaacha mwamba ukiwa mtupu zaidi. Lakini swali lina jibu. Vifaa tutavipata katika kile ambacho bahari yenyewe imekitupa. Na mpangilio tutaupata mahali ambapo wengi hatupafikirii: katika nyimbo zetu.

Sanaa mseto si ngeni kwetu

Wasanii wa leo huita sanaa mseto picha au umbo linalochanganya vifaa vya aina nyingi: rangi, kitambaa, mbao, kamba, mchanga. Jina ni jipya, kazi ni ya zamani. Mtepe, chombo cha wazee wetu, ulishonwa kwa kamba za nazi bila msumari, na tanga lake lilikuwa mkeka. Fundi wa Lamu akimaliza chombo hukipaka rangi, akakichonga, kisha akakitia jicho omoni. Hata kanga ni sanaa mseto ya aina yake: ina pindo, ina mji, na ina jina. Picha na maneno vimekaa katika kitambaa kimoja.

Mfano wa karibu zaidi ni Flipflopi. Chombo hiki cha mita 9 kiliundwa Lamu na mafundi walioongozwa na Ali Skanda, kwa takriban tani 10 za taka za plastiki, na ubavuni kikavishwa ndara kuukuu zipatazo 30,000. Kiliingia majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2019 kikasafiri kutoka Lamu hadi Unguja, safari ya kama kilomita 500. Waliokiona hawakuhitaji hotuba ndefu kuhusu uchafu wa bahari. Waliona rangi kwanza, wakasogea, ndipo wakatambua kuwa wanatazama ndara walizozitupa wao wenyewe. Hiyo ndiyo nguvu ya sanaa ya aina hii.

Cha kuokota na cha kuacha

Wakati mzuri wa kuokota ni siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Maji hujaa hadi juu kabisa, na yakirudi huacha mstari mrefu wa vitu ufuoni. Fuata mstari huo. Hapo utapata vipande vya ndara, vifuniko vya chupa, kamba za nailoni, nyavu zilizokatika, vijiti vilivyosuguliwa na maji na vigae vya chupa vilivyopoteza makali. Ukitaka vitu vya asili, chukua makumbi ya nazi, makuti yaliyoanguka, mchanga na vipande vya makombe yaliyovunjika.

Nasema makombe yaliyovunjika kwa sababu. Kombe zima lililo tupu bado ni nyumba. Wako kaa wasio na gamba la kutosha mgongoni, ambao huhamia katika makombe matupu na kubadilisha nyumba kila wanapokua. Ukiondoa makombe yote mazima, umewanyima makao.

Viti vya pweza, simbi hai na matumbawe, viache. Hata tumbawe linaloonekana kama jiwe hujengwa na viumbe wadogo sana, tena polepole mno. Gamba la kasa usiliguse wala usilinunue, kwani sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inamlinda. Na ukiwa ndani ya hifadhi za bahari kama Malindi na Watamu, zilizotengwa tangu 1968, usiondoke na kombe lolote, zima wala lililovunjika. Humo unachoruhusiwa kubeba ni uchafu wako, na wa mwenzio ukipenda. Mwisho, usichimbe mchanga mkavu ulio juu ya mstari wa maji, maana huko ndiko kasa hutaga.

Osha kabla ya kubandika

Picha nyingi za ufuoni huharibika mwaka wa kwanza, na lawama hupewa gundi. Mara nyingi kosa ni chumvi. Chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, na kwa hewa yetu ya pwani kitu chenye chumvi hakikauki sawasawa. Gundi hulegea, rangi ikavimba na kubanduka.

Kwa hiyo loweka kila kitu katika maji baridi yasiyo ya chumvi kwa siku mbili, ukibadilisha maji mara kwa mara. Mchanga nao uoshe, kisha uanike juani kwenye gunia. Ndara na plastiki zisugue kwa sabuni na brashi. Zikate kwa kisu kikali au mkasi, usiziyeyushe wala usizichome, kwani moshi wake ni sumu. Ukipata ubao wa mashua kuukuu wenye rangi, usiupige msasa ukiwa mkavu, kwani baadhi ya rangi za zamani zina madini yenye sumu. Ufute kwa kitambaa chenye maji, uuache na rangi zake. Uzuri wake ndio huo huo.

Wimbo ndio ramani

Sasa una marundo ya vitu vizuri, na hapa ndipo wengi hukwama. Wakibandika kila kitu mahali pake panapoonekana wazi, hupata ubao uliojaa lakini usiosema neno.

Hebu tukumbuke jambo moja. Katika ushairi wetu, aina za tungo huitwa bahari. Neno hilo tulilipokea kwa Waarabu, ambao nao huita vipimo vya mashairi yao kwa jina la bahari. Tangu zamani, basi, pwani hii imezoea kuweka wimbo na maji chini ya jina moja. Nasi tutumie ukoo huo.

Nyimbo nyingi za taarabu hutungwa kwa bahari iitwayo wimbo: kila ubeti una mishororo mitatu, na kila mshororo una mizani 16, yaani silabi 16, zikigawanyika nane kwa nane. Katikati kuna kina, mwishoni kuna kina. Hiyo tayari ni ramani ya picha.

Chukua ubao wa plaiwudi wenye upana wa sentimita 56 na kimo cha sentimita 38. Piga pindo la sentimita 4 pande zote, kama la kanga. Ndani itabaki nafasi ya sentimita 48 kwa 30. Igawe kwa penseli mishororo mitatu ya sentimita 10: wa juu mbingu, wa kati maji, wa chini ufuo. Kila mshororo ugawe visanduku 16 vya sentimita 3. Visanduku hivyo ndiyo mizani yako.

Kisha chagua wimbo unaoujua kwa moyo. Ukitaka bahari tulivu, msikilize marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, na udi wake. Ukitaka mawimbi, sikiliza Zuhura Swaleh na mapigo ya chakacha. Usikilize mara tatu, kila mara kwa kazi moja.

Mara ya kwanza sikiliza ngoma tu. Dumbak ina pigo zito na pigo jepesi. Kila pigo zito litie alama ya kitu kikubwa, kila pigo jepesi alama ya kitu kidogo. Hapo utakuwa umepanga mawimbi yako bila kubahatisha.

Mara ya pili fuata sauti ya mwimbaji. Anapopanda, mkono wako upande na penseli. Anapovuta silabi moja kwa muda mrefu, chora mstari mmoja unaopita visanduku kadhaa bila kukatika. Mstari huo baadaye utakuwa kamba ya nazi au uzi wa nyavu.

Mara ya tatu tafuta kimya. Kila wimbo una mahali ambapo ala zinapumua. Hapo acha kisanduku kitupu, rangi ya ubao ionekane. Bila nafasi hizo jicho halipati pa kupumzika.

Vina usivisahau. Kisanduku cha nane katika kila mshororo kiwe na kitu kile kile, tuseme kipande cha ndara ya buluu. Cha 16 kiwe na kitu kingine kinachojirudia, tuseme kipande cheupe cha kombe. Mtazamaji huenda asijue kwa nini picha imetulia, lakini jicho lake litakuwa limesikia vina.

Kupanga na kubandika

Anza na rangi ya chini, nyepesi, uiache ikauke. Baadaye bandika vitambaa: vipande vya kanga kuukuu ni vizuri kwa mbingu na kwa pindo. Ukipata kipande chenye jina, maneno yake yaweke chini, mahali pake. Kisha paka gundi nyeupe ya mbao kwenye mshororo wa ufuo, unyunyize mchanga, usubiri, ukung'ute uliozidi. Vitu vizito viwe vya mwisho, ubao ukiwa umelala mezani. Plastiki na makombe yanataka gundi yenye nguvu zaidi, na sehemu unayobandika uikwaruze kidogo ili ishike. Kombe ukitaka kulisugua, lisugue likiwa ndani ya maji, vumbi lake si zuri kwa mapafu. Mpe ubao siku mbili alale kabla ya kuutundika, na usiuweke palipo na jua kali la moja kwa moja, rangi za kanga zitafifia.

Ukitaka kuuza

Nyuma ya picha andika mambo matatu: vitu vimeokotwa ufuo gani, hakuna kiumbe hai kilichotolewa baharini, na picha imefuata wimbo gani. Mnunuzi mwenye busara anataka kujua hayo. Mwenye kukuomba simbi inayong'aa au kiti cha pweza kikavu, mweleze kwa upole kwa nini huna. Simbi inayong'aa vile dukani mara nyingi ilitolewa majini ikiwa hai, kwa sababu inayosombwa na mawimbi huwa imeshafifia.

Najua wapo watakaosema taka zetu haziishi kwa kubandikwa kwenye mbao. Ni kweli. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na plastiki za kutumika mara moja katika hifadhi Juni 2020, na bado bamvua kila mara linaleta mzigo mpya. Picha haitaimaliza kazi hiyo. Lakini mtoto aliyeokota vifuniko mia kwa ajili ya mawimbi yake hatakitupa cha mia na moja.

Mpwa wangu alichagua wimbo ambao bibi yake huuimba akisuka ukili. Ilimchukua wiki mbili. Bahari yake imetengenezwa kwa ndara saba, nyavu iliyochanika na kanga moja iliyochakaa, na kwenye mshororo wa chini ameacha visanduku viwili vitupu. Nilimuuliza kama pale ndipo wimbo unapokaa kimya.

"La, mjomba," akanijibu. "Hapo ni pa wale wawili waliokufa kwenye beseni."